Pikipiki Isiyokubali Mtu

Stata ilikuwa nzima, hilo halikuwa na ubishi. Tangu saa tatu asubuhi ilikuwa inazungushwa uani kwa marehemu Siraj, pale Namakwekwe, mjini Mbale, nyi-nyi-nyi-nyi, na kila ilipoachiwa kimya kilirudi palepale kilipokuwa. Wanawake wa nyumba ya pili waliokuwa wakifua walisimamisha mikono ndani ya povu, wakasikiliza. Nyi-nyi-nyi-nyi. Haiwaki.

Ilikuwa siku ya kumi na mbili tangu Siraj azikwe. Alikuwa bodaboda wa miaka mingi, na homa ilimchukua kwa siku tatu tu, hata hakupata nafasi ya kumwambia mtu neno la maana. Pikipiki yake nyekundu aliiegesha mwenyewe chini ya bati, jioni ile alipoanza kutetemeka. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuiwasha kwa miaka kumi na moja. Kila aliyeomba kuiazima alipewa jibu moja, kwa kicheko: "Hii haikubali mtu. Inanijua mimi peke yangu." Watu walicheka naye. Leo hakuna aliyekuwa anacheka.

Ndani, nyuma ya pazia la dirisha, mjane wake Hajarah alikuwa ameketi kwenye mkeka. Alikuwa eda. Kwa miezi minne na siku kumi hatatoka nyumbani bila dharura, hatajipamba, hatajitia manukato. Hayo ni ya dini, na aliyapokea kwa moyo mmoja. Lakini shangazi wa marehemu, kabla hajapanda gari kurudi Jinja, aliongeza ya kwake: sauti yake isisikiwe na wanaume wa nje, asikae kizingitini, asionekane uani wageni wakiwapo. Masharti ya Mungu yanahesabika. Ya mashangazi hayana mwisho.

Hajarah alikuwa mpishi wa sambusa. Siraj ndiye aliyezipeleka kila alfajiri, ndoo mbili zenye vifuniko, kwenye maduka na shule za Nabuyonga, kabla hajaenda stegi kungoja abiria. Sasa mpishi hatoki na mpelekaji hayupo. Alibaki Rashidah, binti yao wa pekee, miaka kumi na tisa. Rashidah alijua kuendesha. Alijifunza kwa kipikipiki kizee cha gereji, baba yake akimtazama kwa fahari huku akijifanya anatazama barabara. Pikipiki ikiwaka, Rashidah atapeleka sambusa na nyumba itakula. Isipowaka, hapakuwa na mpango wa pili.

Na ilitakiwa iwake leo, kabla ya adhana ya adhuhuri. Aliyeweka saa hiyo ni Shafik, ndugu wa marehemu, mkazi wa Mpumudde kule Jinja. Siku ya hitima alisimama mbele ya imamu na wazee akatamka, bila kulazimishwa na mtu: "Hii pikipiki ni mirathi, na mimi niko na fungu langu. Lakini sitaki watu waseme nimemnyang'anya mtoto wa ndugu yangu. Ikiwaka, ni ya Rashidah, fungu langu nimesamehe. Ikikataa, tunauza, tunagawana kwa sheria." Wazee wakasema mashallah. Funguo zote mbili, wa kila siku na wa akiba, akazitia mfukoni, akaenda nazo Jinja. Leo alikuwa amerudi nazo, pamoja na mnunuzi.

Mnunuzi aliitwa Wasike, Mkenya wa upande wa Malaba, mtu mpana na mpole, anayenunua pikipiki zilizokufa, akazifungua na kuuza kila kipande peke yake. Alikuwa amekalia kinu cha Hajarah cha karanga, kilichopinduliwa bila Hajarah kuulizwa, anakunywa chai ya Hajarah. Pikapu yake ilikuwa nje, pua ikiwa tayari imeelekea barabarani.

*

Fundi wa kazi hiyo alikuwa Wanyera, mwenye gereji ya kona, rafiki wa marehemu. Alitandaza gunia, akapanga spana zake kwa ukubwa, akamwita Rashidah achuchumae karibu.

"Pikipiki inataka vitu tatu," alimwambia. "Petroli, hewa, na moto. Stata inazunguka, maana yake betri iko. Sasa tutafute nani hajakuja kazini."

Alichomoa mpira wa petroli kwenye kabureta. Petroli ikatiririka kwenye kopo, safi. Akainusa, akatikisa kichwa kuikubali. Akafungua chujio cha hewa. Siraj alikuwa amelisafisha kama mtu anayesubiri wageni. Akafungua plagi, akaitazama kwenye mwanga, ncha yake imelowa petroli. Akaifuta, akairudisha kwenye kofia yake, akailaza juu ya chuma cha injini.

"Rashidah, piga stata. Tuangalie cheche."

Nyi-nyi-nyi-nyi. Vichwa viwili viliinama juu ya ile ncha ndogo. Hapakuwa na cheche, hata ya kusingizia.

"Ni moto," alisema Wanyera. "Moto ndiyo hajakuja."

Akatia plagi mpya. Hakuna. Akatazama swichi ya kuzimia iliyo kwenye usukani, ikawa mahali pake. Akaenda gereji, akachomoa koili kwenye pikipiki yake mwenyewe, akaifunga kwenye ile nyekundu. Hakuna. Akabadilisha na kile kikasha cheusi chini ya kiti kinachogawa moto. Nyi-nyi-nyi-nyi. Hakuna.

"Bodaboda wengi wanaficha swichi ya kukata moto," alisema sasa, akifuta jasho kwa mgongo wa mkono. "Mwizi akichukua, haiwaki. Siraj aliibiwa ile yake ya kwanza, si mnakumbuka?" Akafungua kiti, akapapasa. Akafungua vifuniko vya ubavuni, akachungulia nyuma ya taa. Akapitisha vidole chini ya tangi, akakuta mipira iliyokunjwa ya tyubu, ile ambayo waendeshaji huikandamiza pale ili tangi lisilie kwenye mashimo. Swichi hakuiona.

"Kwa hiyo?" aliuliza Shafik, akiwa amesimama na ufunguo wa akiba kidoleni, anauzungusha.

"Kwa hiyo nichane waya zote, nifuate moja moja toka mbele mpaka nyuma. Siku mbili."

"Siku mbili sina, bwana. Niko na mpaka adhuhuri. Wasike hajatoka Malaba kuja kuangalia waya."

"Mimi naweza ngoja," alisema Wasike, akiinua kikombe.

"Hungoji!" Shafik alisema.

Kufikia sasa watu walikuwa wamejaa nyuma ya ua wa matete. Bibi mmoja mwenye kanga ya kichwani, ambaye hakuna aliyemuuliza, alisema kwa sauti ya chini iliyosikika na wote: "Muiache. Imefiwa. Hata yenyewe iko eda."

Hakuna aliyemcheka. Ukitaka kujua jinsi neno linavyoweza kubadili uwanja mzima, ungekuwapo. Wanyera, Mkristo asiyekosa ibada ya Jumapili, mtu aliyefungua injini zaidi ya sufuria alizofunua mkewe, aliweka spana chini na kusogea nyuma hatua mbili. Kila kitu kilikuwa kizima. Alikuwa amehakikisha kwa mikono yake. Na chuma kizima kilikuwa kimekataa. Alikumbuka maneno ya Siraj, haikubali mtu, na nywele za mikono yake zikasimama.

*

Hajarah naye alisikia neno la bibi, na kwanza aliogopa kama wengine. Kisha akaona haya kwa kuogopa. Siraj hakuwa mtu wa mizimu. Siraj alikuwa mtu wa kufunga mlango mara mbili, akarudi kitandani, akaamka kuujaribu tena.

Akamwita binti yake dirishani. "Rashidah. Mwambie fundi asichoke. Mwambie baba yako alikuwa akiiwasha mara moja tu, hata siku za baridi."

Rashidah akapeleka maneno. Jibu la Shafik halikuhitaji kuletwa, kwa sababu alilisema akielekea dirishani: "Mwambie mama yako akae eda yake. Pikipiki si sambusa."

Mtu mmoja kwenye ua alicheka. Hajarah akaketi tena, uso unamwaka. Miaka ishirini alikuwa amempikia shemeji huyu kila alipokuja Mbale, na alijua hata kiasi cha chumvi anachokipenda. Akafumba macho. Na kwa kuwa hakuwa na la kufanya ila kusikiliza, alisikiliza.

Aliisikiliza asubuhi ya leo, halafu akazisikiliza asubuhi zote za zamani. Kila siku, kabla jua halijagusa mwamba wa Wanale, alikuwa amesimama kwenye dirisha hili hili, mikono ina unga, anamtazama mumewe akiondoka. Malapa yake kwenye kokoto. Kitambaa kikifuta kiti. Kisha Siraj alikuwa akiinama, anaipapasa pikipiki shingoni kama mtu anavyompapasa mbuzi wake, na kusema, "Bismillahi." Kisha pete yake ilikuwa inagonga tangi, ti, sauti ndogo kama punje ya mahindi inayoanza kupasuka chunguni. Kisha ufunguo. Kisha injini.

Na jioni alikuwa akiizima, anainama tena, anaipapasa palepale. "Alhamdulillahi." Ti.

Hajarah alifumbua macho. Majirani wote walikuwa wakimsifu Siraj kwa ile dua yake. Imamu aliitaja hata kwenye mawaidha, kwamba kuna kijana wa bodaboda hapa haanzi kazi bila jina la Mola wake. Na yeye mkewe aliipenda dua ile kuliko wote. Lakini leo stata ilikuwa imelia mara hamsini, na hajasikia ti hata moja.

Pete aliivaa mkono wa kulia, aliwaza. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye ufunguo. Ule uliokuwa ukipapasa ni wa kushoto. Mkono wa kushoto haukuwa na pete.

Ti ile haikuwa ya pete. Miaka kumi na moja alikuwa ametazama jambo kwa macho yake mawili, na hakuliona.

"Rashidah! Njoo. Weka mkono chini ya tangi, pale shingoni. Tafuta."

Rashidah alikwenda, akapapasa. "Kuna mipira tu, Mama."

"Upande mwingine."

"Huku pia mipira, Mama."

"Sasa ni mchezo wa watoto," Shafik alisema. "Wasike, lete kamba. Tuipakie."

Wasike alisimama polepole, akakirudisha kile kinu kilivyokuwa kimesimama, akakipangusa vumbi. Pengine alikuwa ametambua kwamba kilikuwa cha mtu. Kwa mbali, kwenye msikiti wa barabara kuu, kipaza sauti kilikohoa. Muadhini alikuwa anakijaribu.

Hapo mlango wa chumba ukafunguka.

*

Hajarah alisimama kizingitini kwa nguo zake nyeupe za eda, mtandio hadi kwenye nyusi. Shafik alishtuka kana kwamba aliyetoka ni marehemu.

"Shemeji! Uko eda! Hapa kuna wanaume!"

"Niko kwangu, shemeji. Sijavuka mlango wa nje. Na hii ni dharura. Nataka kuigusa mara moja tu kabla haijaenda."

Angeweza kumkatalia mjane jambo hilo, mbele ya watu wote wale? Shafik alitazama huku na huku, kisha akafanya lililokuwa ndani ya uwezo wake, yaani kutoa amri. "Wanaume, geukeni! Wote! Tazameni matete! Mtu asimwangalie mjane wa ndugu yangu." Na kwa kuwa alikuwa mkali wa dini siku hiyo, naye aligeuka, wa kwanza, mgongo wima kama askari.

Wanaume wote wakageuka. Wanyera aligeuka. Wasike aligeuka na kuvua kofia, maana hakujua desturi inataka nini na aliona bora azidishe.

Hajarah hakwenda moja kwa moja. Alisimama kwanza pale Siraj alipokuwa akisimama, kokoto zilipokuwa zimechimbika kidogo kwa malapa yake. Akaweka miguu yake ndani ya mashimo yale mawili. Akainama kama alivyokuwa akiinama. Mkono wake wa kushoto ukaenda wenyewe, ukaingia chini ya tangi, ukapita mpira wa kwanza, ukapita wa pili. Mpira wa tatu ulikuwa laini kuliko wenzake. Ulikuwa umesuguliwa na kidole kimoja, kila siku mara mbili, miaka kumi na moja, mpaka ukawa laini kama kisigino cha mtoto mchanga. Ndani yake kulikuwa na kitu kigumu, kidogo kama harage.

Kidole chake kilikuwa mahali pa kidole cha mumewe. Hajarah alihisi machozi yanamshuka na hakuyafuta. Siraj alikuwa hapa. Si mzimu wake. Yeye mwenyewe, woga wake, ujanja wake, mapenzi yake kwa nyumba hii, yote yamefichwa ndani ya kipande cha tyubu.

"Bismillahi," alisema.

Ti.

Alimtazama Rashidah, aliyekuwa karibu naye, mdomo wazi, ameona kila kitu. Binti akazungusha ufunguo, akabonyeza stata.

Haikuzunguka hata mara mbili. Injini ilinguruma, ikajaza ua, ikatetemesha sufuria jikoni. Kuku walikimbia. Nyuma ya matete watu walipiga yowe, bibi wa kanga akaita Allahu Akbar mara tatu, na Wanyera, uso ungali kwenye matete, akashika kichwa kwa mikono miwili akasema kitu kwa Kigisu ambacho hata wasiokijua walikielewa. Wasike alikuwa amefumba macho. Alikuwa amenunua pikipiki mia zilizokufa, lakini hakuwahi kusikia moja ikifufuka.

Na Shafik? Tusimwonee, naye aliingiwa na ubaridi mgongoni. Lakini ulimi wake ulikuwa umeshazoea biashara. Bado akiwa amewapa mgongo, alimsogelea Wasike na kusema, akidhani ngurumo inamficha: "Sasa hii si ya laki saba tena. Hii ni ya milioni tatu."

Hajarah alisikia. Alikuwa mtu aliyefundishwa kusikia siku hiyo. Mkono wake ulikuwa ungali mahali pake.

"Alhamdulillahi," alisema polepole.

Injini ikazimika.

"Mnaweza kugeuka," Hajarah alisema, akiwa tayari amerudi kizingitini.

Shafik aligeuka na kuifikia pikipiki kwa hatua mbili. Akachomoa ufunguo wa Rashidah, akatia wake wa akiba, akazungusha. Nyi-nyi-nyi-nyi. Akajaribu tena. Nyi-nyi-nyi-nyi. Akapiga kiki mpaka koti likamvuka begani. Adhana ya adhuhuri ikaanza, na kila mtu alinyamaza kuisikiliza, na Shafik akabaki amekalia pikipiki iliyokataa, anahema.

Adhana ilipokwisha alisema, kwa sauti nyingine kabisa: "Shemeji. Umefanya nini?"

"Nimefanya alivyokuwa akifanya ndugu yako."

"Wanyera! Kuna swichi hapo. Umeona wapi?"

"Mimi nilikuwa naangalia matete, bwana," alisema Wanyera, akikusanya spana zake. "Wewe ndiye ulisema."

"Itafute!"

"Fundi naye anakula mchana."

Shafik alimtazama Wasike. Mkenya huyo aliivaa kofia yake kwa makini. "Mimi nanunua chuma, ndugu yangu. Hii iko na mwenyewe. Na wewe uliapa mbele ya wazee, wote wamesikia ikiwaka, mpaka mimi nimesikia." Kisha akainamisha kichwa kuelekea kizingitini. "Mama, asante ya chai. Pole ya msiba." Muda mfupi baadaye pikapu iliondoka, tupu.

Shafik alibaki. Aliweka kiganja juu ya tangi, ambalo lilikuwa bado lina joto kidogo, na uso wake ukavunjika ghafla, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. "Huyu mtu," alisema. "Tulipokuwa wadogo alikuwa ananificha hata karanga. Nikimpekua mwili mzima sizioni. Halafu anakaa mbele yangu anatafuna." Akacheka, na kicheko kikageuka kilio, na hapakuwa na wa kumwambia anyamaze. Alipomaliza alitoa funguo zote mbili, akaziweka mkononi mwa Rashidah, akaenda kutawadha.

*

Alfajiri ya kesho yake Hajarah alikuwa dirishani, mikono ina unga. Ndoo mbili zilikuwa zimefungwa nyuma ya kiti. Wanale ulikuwa bado mweusi. Rashidah, ndani ya koti la baba yake lililomzidi mabega, alikanyaga kokoto mpaka akayapata yale mashimo mawili, akaingiza miguu yake, akainama.

Halafu akasita. Aligeuza kichwa, akanong'ona kuelekea pazia.

"Mama. Baba alikuwa anabonyeza kwanza, ama Bismillahi kwanza?"

Hajarah alikuwa amekesha anawaza jambo hilo hilo. Sasa alijua kwamba kubonyeza peke yake kungetosha. Hata mwizi, akiujua mpira wa tatu, ingewaka. Siraj alilijua hilo kuliko wote. Na bado, kwa miaka kumi na moja, hakuruka neno lile hata siku moja.

"Bismillahi kwanza," alisema.